Fujita: Mtaalamu aliyesoma vimbunga katika vifusi

Agosti 9, 1945, mawingu na moshi uliotanda juu ya mji wa Kokura, Japan, viliizuia ndege ya kivita ya Marekani kuiona shabaha yake. Ndege hiyo ikageukia Nagasaki, na huko ndiko ilikoangusha bomu la atomiki.

Miongoni mwa walionusurika alikuwa mhadhiri wa miaka 24, Tetsuya Fujita, aliyefundisha katika chuo kilichokuwa jirani na Kokura. Baadaye alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuchunguza uharibifu, na kutokana na alama za kuungua akakadiria kimo ambacho mabomu yalilipukia.

Mwaka 1953 alihamia Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, nchi inayokumbwa na vimbunga vya tonado kuliko nyingine yoyote: wastani wa zaidi ya 1,000 kila mwaka. Huko hewa yenye joto na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu kutoka magharibi. Canada huifuata kwa mbali. Argentina, Bangladesh, Afrika Kusini na nchi za Ulaya nazo hazisalimiki.

Hata hivyo, idadi pekee haikutosha. Tonado iliyong'oa vigae ilihesabiwa sawa na iliyofuta mtaa mzima, na vifaa vya kupimia upepo mara nyingi viliharibika. Mwaka 1971 Fujita alitoa kipimo chenye madaraja ya F0 hadi F5, kinachokadiria kasi ya upepo kutokana na uharibifu.

Aprili 3 na 4, 1974, tonado 148 ziliua zaidi ya watu 300. Akichunguza maeneo hayo kutoka angani, Fujita aliona miti iliyoangukia pande zote kutoka kitovu kimoja, kama alivyoona Nagasaki. Alihitimisha kuwa upepo mkali huweza kuporomoka kutoka mawinguni, na akaitumia hoja hiyo kueleza ajali ya ndege iliyoua watu 113 New York, Juni 24, 1975.

Wataalamu wengi walimpinga, hadi rada zilipouthibitisha upepo huo mwaka 1978. Ugunduzi huo ulibadili mafunzo ya marubani na kuleta rada maalumu viwanjani.

Fujita alifariki Chicago Novemba 19, 1998, akiwa na miaka 78. Kipimo chake kilirekebishwa Marekani mwaka 2007, lakini jina lake likabaki. Tonado yenyewe aliishuhudia kwa macho mara ya kwanza mwaka 1982, akiwa amekwisha kuzichunguza kwa miongo kadhaa.