Louisa May Alcott: Aliambiwa hawezi kuandika, akalipa madeni ya familia kwa kalamu

Umewahi kuambiwa kwamba uandishi si kazi, utafute kitu cha kukulisha? Basi mjue Louisa May Alcott.

Alizaliwa Novemba 29, 1832, Germantown, jimbo la Pennsylvania, Marekani, wa pili kati ya mabinti wanne. Babake, Amos Bronson Alcott, alikuwa mwalimu na mwanafalsafa: kichwani mawazo tele, mfukoni hana kitu. Mwaka 1843 aliihamishia familia kwenye shamba lililoitwa Fruitlands, Massachusetts, ambako yeye na wenzake walitaka kuishi bila nyama wala kumtumikisha mnyama. Mambo yakaenda segemnege. Baridi ilipofika chakula kilipungua, na mpango mzima ukavunjika. Louisa alikuwa na miaka 11 tu.

Sasa elewa hivi: kwake yeye kuandika hakukuwa starehe. Alishona nguo za watu, akafundisha, akafanya kazi za nyumbani kwa wenyewe, na akipata nafasi anaandika. Mchapishaji maarufu wa Boston, James T. Fields, alimwambia hawezi kuandika, abaki na ualimu wake. Akamkopesha hata dola 40 za kufungua shule ya chekechea! Shule haikudumu. Deni alikuja kulilipa baadaye, kwa pesa za vitabu.

Desemba 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, alienda kuwauguza wanajeshi katika hospitali ya Georgetown, Washington. Baada ya wiki chache akashikwa na homa ya matumbo. Dawa aliyopewa ilikuwa na zebaki, na tangu hapo afya yake haikurudi sawasawa. Hata hivyo, barua alizokuwa akiandika nyumbani kutoka wodini zikawa kitabu, Hospital Sketches, mwaka 1863. Watu wakaanza kulijua jina lake. Wasichojua ni kwamba alikuwa pia akiandika hadithi za mapenzi na visasi kwa jina la bandia, A. M. Barnard, kwa sababu zililipa upesi.

Kisha Thomas Niles, wa kampuni ya Roberts Brothers, akamwomba kitabu cha wasichana. Louisa hakukitaka kabisa. Lakini nyumbani pesa zilihitajika, kwa hivyo akawachukua dada zake na maisha yao ya dhiki na vicheko, akaandika Little Women. Kilitoka mwaka 1868.

Hapa ndipo pa kutulia, msomaji. Angeweza kuuza hakimiliki, apokee hela mara moja, yaishe. Kwa mtu mwenye madeni, hiyo ni tamaa kubwa. Niles mwenyewe alimshauri asiiuze. Louisa akakubali kungoja mrabaha, na kitabu kikauzwa kama njugu. Wasomaji wakamwandikia wakidai mhusika wake Jo aolewe na kijana jirani, Laurie. Alikataa katakata. Sehemu ya pili ilipotoka mwaka 1869, Jo alimpata mume mwingine.

Madeni ya familia yakalipwa. Mdogo wake, May, akaenda Ulaya kusomea uchoraji kwa pesa hizo hizo. May alipofariki mwaka 1879 muda mfupi baada ya kujifungua, Louisa, ambaye hakuwahi kuolewa, akamlea mtoto. Mwaka huo huo wanawake wa Massachusetts waliruhusiwa kupiga kura za kamati za shule, naye akawa mwanamke wa kwanza kujiandikisha mjini Concord.

Alifariki Boston Machi 6, 1888, siku mbili tu baada ya babake. Alikuwa na miaka 55.

Wewe unayeandika, unayeimba au kutengeneza video, siku moja utawekewa karatasi mezani utie sahihi. Kabla hujashika kalamu, uliza kazi itabaki ya nani.