Rudolf Diesel: Aliyepunguza matumizi ya mafuta akafa na madeni

WAKENYA wengi hawajaisahau Septemba ya 2023. Mwezi huo mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilitangaza kwamba lita moja ya petroli jijini Nairobi ingeuzwa kwa Sh211.64, ya dizeli kwa Sh200.99 na ya mafuta taa kwa Sh202.61. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, bei zote tatu zilikuwa zimevuka Sh200.

Wenye matatu, wakulima wenye matrekta na wavuvi wenye mashua za injini walilalamika kwa sauti moja. Mwaka uliotangulia, kampuni ya ExxonMobil ya Marekani ilikuwa imevuna faida ya takriban dola bilioni 56, nayo Shell ya Uingereza karibu dola bilioni 40. Hakuna kati ya kampuni hizo iliyokuwa imewahi kupata faida kubwa kiasi hicho kwa mwaka mmoja.

Katika malalamiko hayo yote, jina la mtu mmoja lilitajwa asubuhi na jioni pasi na wengi kutambua kwamba walikuwa wakimtaja binadamu. Dizeli, kabla ya kuwa mafuta, lilikuwa jina la ukoo wa Mjerumani aliyetumia ujana wake wote akitafuta namna ya kuifanya mashine itumie mafuta kidogo.

Rudolf Diesel alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria. Baba, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, na karakana yake haikumpa zaidi ya riziki ya kawaida.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Wajerumani wakatakiwa kuondoka Paris. Familia ilikimbilia London. Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alitumwa peke yake hadi Augsburg, Bavaria, akalelewe na jamaa yake Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Huko ndiko alikoamua kuwa mhandisi, uamuzi aliowaandikia wazazi wake akiwa na miaka 14 tu.

Bidii yake masomoni ilimpa ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich. Miongoni mwa walimu wake alikuwapo Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Ni katika mihadhara ya Linde ambapo Diesel alisikia jambo lililomkosesha usingizi kwa miaka mingi.

Enzi hizo injini ya mvuke ndiyo iliyoendesha viwanda, garimoshi na meli. Hata hivyo, kati ya kila magunia 100 ya makaa ya mawe yaliyotiwa tanuruni, ni sita hadi kumi pekee ambayo joto lake liligeuka kuwa kazi. Mengine yote yalipotea hewani kupitia bomba la moshi na mvuke uliotupwa. Kijana huyo aliona kuwa huo ulikuwa ubadhirifu usiovumilika.

Alikamilisha masomo Januari 1880 kwa alama za juu, baada ya kuchelewa miezi kadhaa kwa sababu ya homa ya matumbo. Linde alimwajiri katika kiwanda chake cha barafu jijini Paris. Mwaka 1883 Diesel alimwoa Martha Flasche, na wakajaliwa watoto watatu. Mchana aliuza na kukarabati mitambo ya barafu. Usiku alifanya majaribio ya injini iliyotumia mvuke wa amonia. Katika jaribio mojawapo mtambo ulilipuka na nusura umuue, akalazwa hospitalini kwa miezi kadhaa.

Baada ya kuhamia Berlin mwaka 1890 aliachana na amonia na kugeukia hewa ya kawaida.

Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli anaielewa fikra yake. Ukiisukuma pampu kwa haraka huku umeziba tundu kwa kidole, pampu hupata joto, kwa kuwa hewa inayobanwa huzidi kuwa moto. Diesel alikusudia kuibana hewa ndani ya silinda kwa nguvu kubwa mno, hadi iwe na joto la kuweza kuwasha mafuta yenyewe mara tu yanaponyunyiziwa humo. Hapangehitajika plagi wala cheche. Kadiri hewa inavyobanwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto la mafuta inavyogeuka kuwa kazi badala ya kupotea.

Aliomba hataza Februari 1892 na kupewa mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 1893 alichapisha kitabu cha kueleza nadharia yake, na kwa msaada wa kitabu hicho akawashawishi wakuu wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, pamoja na kampuni ya chuma ya Krupp, wamgharamie.

Ahadi za kitabuni hazikutimia upesi. Agosti 10, 1893, mafuta yaliwaka ndani ya silinda kama alivyobashiri, ila mshindo ulikipasua kipimo cha shinikizo na kurusha vipande vyake karakanani. Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa kama dakika moja tu. Fedha za wafadhili zilizidi kuteketea, na watu wa kawaida wangekuwa wamekwisha kukata tamaa.

Mnamo Februari 17, 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich alifika Augsburg kuipima injini ya tatu. Ilikuwa mashine ya chuma yenye urefu wa mita tatu hivi na nguvu za farasi wapatao 20, iliyotumia mafuta taa. Vipimo vilionyesha kwamba asilimia 26.2 ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi. Kwa hesabu hiyo, injini ya Diesel ilifanya kazi mara mbili na nusu au zaidi ya injini ya mvuke kwa kiasi kile kile cha joto. Hakuna mtambo mwingine duniani uliokuwa umefikia kiwango hicho.

Matajiri walibisha hodi mara moja. Adolphus Busch, mtengenezaji wa bia wa Marekani, alinunua haki za kutengeneza injini hiyo nchini mwake kwa mark milioni moja za Ujerumani. Diesel alijenga jumba la kifahari Munich na kuonekana mbele ya watu kama bwana mkubwa.

Mteja anayestahili kutazamwa kwa makini zaidi ni Emanuel Nobel, mpwa wa yule Alfred Nobel wa tuzo. Familia yake ilimiliki visima na mitambo ya kusafisha mafuta katika eneo la Baku, lililokuwa chini ya milki ya Urusi. Faida ya biashara ya mafuta wakati huo ilitokana hasa na mafuta taa, kwani dunia ilihitaji mwanga. Mafuta mazito yaliyosalia hayakuwa na thamani kubwa. Nobel alinunua haki za Urusi mwaka 1898, na mafundi wake wa St Petersburg wakaifanya injini hiyo itumie mafuta ghafi. Mwaka 1903 meli yake ya kubebea mafuta, Vandal, ilianza safari ikiwa ya kwanza ya aina yake kuendeshwa kwa injini za dizeli. Mfanyabiashara wa mafuta aling'amua mapema kwamba mashine inayotumia mafuta kidogo ingemletea wateja wengi ambao hapo awali walinunua makaa ya mawe.

Hayo hayakuwa makusudio ya mvumbuzi. Diesel alitaka injini ndogo na nafuu kwa fundi wa kijijini, seremala na mfumaji, ili waweze kushindana na viwanda vikubwa vilivyowanyang'anya kazi kwa nguvu za mvuke. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kingine, kilichoeleza jinsi wafanyakazi wangeweza kuchangishana na kumiliki viwanda vyao wenyewe. Nakala chache mno zilinunuliwa. Injini yenyewe ilikuwa nzito na ghali, ikaishia mikononi mwa wale wale wenye viwanda na meli.

Aidha, hakutaka ifungwe kwa mafuta ya ardhini pekee. Katika maonyesho makuu ya Paris ya 1900, injini ya muundo wake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga, na wengi wa waliohudhuria hawakutambua tofauti. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa imeomba jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilistawi, ili mitambo ya huko isitegemee mafuta ya kuagizwa kutoka mbali. Diesel alilirejelea jambo hilo mwaka 1912 na kueleza imani yake kwamba mafuta ya mimea yangekuja kuwa na umuhimu mkubwa. (Wakulima wa Kenya waliohimizwa kupanda mbono katika miaka ya 2000 kwa matumaini kama hayo, wakaambulia mavuno duni, wana maoni yao kuhusu suala hilo.)

Wakati huo mambo yake ya fedha yalikuwa yakiporomoka. Injini za mwanzo ziliharibika mikononi mwa wanunuzi, nao wakadai warejeshewe pesa zao. Kulikuwa na kesi kuhusu uhalali wa hataza, na wapinzani waliodai kwamba fikra hiyo haikuwa yake. Kazi na mabishano vilimchosha hata akalazwa katika hospitali ya maradhi ya neva. Isitoshe, hakuwa hodari wa biashara. Alipoteza fedha nyingi katika ununuzi wa ardhi, na nyingine katika visima vya mafuta vya Galicia, mashariki mwa Ulaya. Naam, mtu ambaye mashine yake iliwatajirisha wenye mafuta alipata hasara katika mafuta yenyewe.

Ulimwengu haukuyajua hayo. Mwaka 1912 meli kubwa ya Denmark, Selandia, ilisafiri hadi Mashariki ya Mbali kwa injini za dizeli, na mwaka huo huo Diesel alipokewa kwa shangwe nchini Marekani. Majeshi ya majini ya Ulaya nayo yalikuwa yakizitia injini zake katika nyambizi.

Jioni ya Septemba 29, 1913, alipanda meli Dresden huko Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kwa shughuli za kampuni iliyotengeneza injini zake. Alikula chakula cha jioni na wenzake wawili, akaagana nao mwendo wa saa nne usiku, na kuagiza aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilipatikana sitahani karibu na ukingo wa meli.

Siku kumi hivi baadaye, mabaharia wa mashua ya Uholanzi waliuona mwili ukielea katika Bahari ya Kaskazini. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni na, kwa kuwa ulikuwa umeharibika vibaya, wakaurudisha majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Uvumi ulienea. Wapo waliodai kwamba majasusi wa Ujerumani walimuua ili siri za nyambizi zisifike Uingereza, na wengine wakazinyooshea kidole kampuni kubwa za mafuta. Ushahidi wa madai hayo haukupatikana. Inasimuliwa kwamba kabla ya safari alimwachia mkewe mkoba na kumwomba asiufungue mapema. Ndani mlikuwa na mark 20,000 taslimu pamoja na hati zilizoonyesha kwamba akaunti zake hazikuwa na kitu. Shajara yake ilikuwa na alama ya msalaba kwenye tarehe ya safari. Mwandishi huyu anaona kuwa hati za benki zinaeleza mengi kuliko hadithi za majasusi.

Injini yake ilikuja kupunguzwa uzito baada ya kifo chake. Malori ya dizeli yalianza kuuzwa Ujerumani katika miaka ya 1920, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikazindua gari dogo, 260 D, lililotumia lita tisa hadi kumi kwa kilomita 100, ilhali lenzake la petroli lilihitaji kama lita 13. Madereva wa teksi ndio waliolikimbilia kwanza. Bei ya mafuta ghafi ilipopanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, Wazungu wengi waligeukia magari ya aina hiyo kwa hesabu ile ile ya madereva wa teksi.

Dosari zake nazo zilidhihirika. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba magari yake yapatayo milioni 11 yaliwekewa programu ya kuwahadaa wapimaji wa moshi.

Injini iliyopimwa na Profesa Schröter mwaka 1897 ingali ipo. Imehifadhiwa katika jumba la Deutsches Museum mjini Munich, mji ambamo kijana wa fundi wa ngozi alisikia kwa mara ya kwanza habari za joto linalopotea.