Adrian Atiman, daktari na katekista: na sisi kuhusu chanjo?



Tangu chanjo ya UVIKO-19 izinduliwe nchini Julai 28, 2021, swali ninaloulizwa sana na vijana hapa Muleba, na hata nikishuka Bukoba mjini, ni hilo hilo: Frateri, mtu mwenye imani achanjwe au amwachie Mungu? Nimesoma falsafa, kwa hiyo hoja ninazo. Lakini leo naomba kwanza niwasimulie maisha ya mtu.

Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Mali ya leo, si mbali na Timbuktu. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko alikombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Ni shirika lile lile lililofungua misheni ya Kashozi, hapa kwetu Bukoba, mwaka 1892.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alitaka vijana Waafrika wasomee udaktari na dini kwa pamoja, wawe madaktari-makatekista. Atiman akapelekwa kisiwani Malta, akasoma udaktari hadi 1888. Kisha akasafiri mpaka Zanzibar, na kutoka pwani akaenda na msafara hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alifika 1889. Jamani, hapakuwa kwao! Hakuwa na ndugu pale.

Alikaa Karema miaka 67. Alioa huko huko, na mwanawe Yosefu akawa padre. Atiman alitibu wagonjwa na kufundisha katekisimu mpaka uzeeni, akafariki 1956 akiwa na miaka kama 90. Leo pale Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake.

Kinachonigusa ni hiki: mtu yule yule aliyewafundisha watu kusali ndiye aliyewapa dawa. Hakuona kwamba akimpa mgonjwa dawa anamnyang'anya Mungu kazi. Na wagonjwa wake nao walikuwa na uamuzi wa kufanya. Mbele yao alisimama mgeni, ana dawa wasizozijua, zimetoka mbali. Ilibidi wamtazame anavyoishi, wapime, kisha waamue.

Sisi tuko hapo hapo. Tuseme ukweli, kwenye simu zetu kuna kila kitu: chanjo inaleta ugumba, chanjo ni 666, ukichanjwa unakufa baada ya miaka miwili. Kuogopa si dhambi, na kuuliza ni haki yako. Ila swali la afya lipeleke kwa nesi au daktari, usilimalizie kijiweni. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kumheshimu daktari, kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka na ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi. Sura hiyo hiyo inamwambia mgonjwa asali. Vyote viwili, katika ukurasa mmoja.

Wapo wanaosumbuliwa na habari za chembe zilizotokana na mimba zilizotolewa miaka mingi iliyopita. Hilo ni swali zito la dhamiri. Desemba 2020 Vatikani ilieleza kwamba, pale ambapo hakuna chanjo nyingine isiyo na doa hilo, Mkatoliki anaweza kuchanjwa bila kutenda dhambi, na kufanya hivyo si kukubali utoaji mimba. Ilisema pia chanjo iwe ya hiari. Lakini anayekataa kwa sababu ya dhamiri ana wajibu wa kujikinga kwa njia nyingine, asije akawaambukiza wengine, hasa walio dhaifu. Hapa wengi tunaishia kwenye neno hiari, tunaruka lililobaki.

Wanakagera tuna sababu ya kutoliruka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa hapa Muleba, Hospitali ya Ndolage, Kamachumu. Watu waliuita Juliana, wengine wakasema ni uchawi. Wazazi wetu walizika ndugu na kulea yatima. Hawakuwa na chanjo ya kuamua waikubali au waikatae, na ya ugonjwa ule mpaka leo haipo.

Kwa hiyo, mpendwa, kabla ya kuamua fanya mambo matatu. Sali. Muulize mtaalamu. Halafu mfikirie bibi unayekaa naye nyumba moja, ambaye ukikohoa anakuletea maji. Mimi nimeshaamua: nitachanjwa, na Rozari yangu nitakwenda nayo mfukoni.

Tuombeane.