Mtunga kamusi aliyemaliza ujira kabla ya kazi

Kila mwanafunzi wa isimu anayefika kwenye somo la utungaji kamusi hukutana na jina la Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi kubwa ya lugha yake mnamo mwaka wa 1755. Sisi tunaofundisha somo hilo humsifu kwa ufasaha wa fasili zake, na kwa desturi yake ya kuthibitisha maana ya neno kwa mifano iliyotolewa vitabuni. Aghalabu twaishia hapo. Lakini maisha ya bwana huyu yana funzo jingine, nalo lawahusu walimu wanaowazia kuacha mshahara ili wajiajiri, na wanafunzi ambao huenda wasiupate mshahara wenyewe. Kwa robo karne Johnson aliishi kwa kalamu yake bila mwajiri, na namna alivyoshika fedha katika miaka hiyo yastahili kuchunguzwa kama tunavyozichunguza fasili zake.

Alizaliwa mwaka wa 1709 katika mji mdogo wa Lichfield. Baba yake, Michael Johnson, alikuwa muuza vitabu mwenye heshima zake. Mzee huyo alivijua vitabu kuliko alivyoijua biashara. Aliwahi kununua maktaba nzima ya kabaila mmoja, yenye maelfu ya vitabu, fedha zake zikalala rafuni. Kisha akajitosa katika kutengeneza ngozi za kuandikia, nazo hazikumfaa. Alipofariki mwaka wa 1731, urithi uliomfikia Samuel ulikuwa pauni 20. Kabla ya hapo, mwaka wa 1728, kijana alikuwa ameingia Chuo cha Pembroke huko Oxford, akalazimika kuondoka baada ya miezi kumi na mitatu kwa ufukara. Hivyo akaingia ulimwenguni na elimu nyingi, lakini bila shahada.

Mwaka wa 1735 alimwoa Elizabeth Porter, mjane aliyemzidi umri kwa miaka ishirini hivi. Bibi huyo alikuwa na akiba ya pauni 600 au karibu yake, na kwa fedha hizo Johnson akafungua shule ya bweni. Alikodi nyumba kubwa mahali paitwapo Edial, karibu na Lichfield, akatangaza gazetini mwaka wa 1736, kisha akasubiri wanafunzi. Waliokuja walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa David Garrick, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote nchini mwake. Wazazi hawakuwa na sababu ya kumwamini mwalimu asiye na shahada, tena mwenye mitukutiko ya uso na mwili iliyowashangaza watu. Mapema mwaka wa 1737 shule ikafungwa, na sehemu kubwa ya akiba ya mkewe ikawa imekwenda nayo.

Naomba msomaji mwalimu atue hapa kidogo, kwani kisa hiki hakiko mbali nasi. Wapo walimu wenzetu ambao, wakishapata kiinua mgongo au mkopo wa chama cha akiba, huanza kwa kukodi jengo. Kodi ya jengo haiulizi wanafunzi wangapi wamefika. Hulipwa mwezi baada ya mwezi, darasa liwe limejaa au liwe na watoto watano. Johnson alianza na gharama isiyopungua huku mapato yake yakiwa ni matumaini. Fauka ya hayo, fedha alizozihatarisha hazikuwa jasho lake. Bibi Elizabeth ndiye aliyekuwa mwenye mtaji, na ndiye aliyeupoteza.

Machi mwaka huo wa 1737 Johnson alishika njia kwenda London, akifuatana na Garrick. Mkewe alimfuata baadaye. Huko akawa kibarua wa kalamu katika gazeti la Edward Cave, akitafsiri, akihariri na kuandika chochote kilichotakikana. Shairi lake refu kuhusu jiji la London, lililotoka mwaka wa 1738, lilimpa gini 10, na gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja. Wasifu wa rafiki yake Richard Savage, uliotoka mwaka wa 1744, ulimpa gini 15. Savage mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia akiwa gerezani mjini Bristol, alikofungwa kwa sababu ya deni. Katika zama hizo mdeni aliweza kutiwa kizuizini hata kwa kiasi kidogo cha fedha, kwa hiyo Johnson alijua vyema mwisho wa mwandishi asiyejiwekea akiba.

Ndipo mnamo Juni 1746 ikaja bahati kubwa. Kundi la wauza vitabu, ambao siku hizo ndio waliokuwa wachapishaji, lilitia sahihi naye mkataba wa kutunga kamusi ya Kiingereza. Ujira wake ungekuwa gini 1,500, yaani pauni 1,575. Kwa mtu aliyezoea gini 10 kwa shairi na 15 kwa kitabu, hiyo ilikuwa mali. Alikodi nyumba nzuri katika uwanja wa Gough, nyumba ambayo ingalipo hadi leo, akakigeuza chumba cha juu kuwa karakana ya kamusi, na kuajiri wasaidizi sita wa kunakili, watano kati yao wakiwa Waskoti. Aliahidi kumaliza kwa miaka mitatu.

Anayejua kazi ya kamusi atatikisa kichwa. Chuo cha Ufaransa, chenye wanachama arobaini na ulinzi wa mfalme, kiliundwa mwaka wa 1635 na kutoa kamusi yake mwaka wa 1694. Johnson alikuwa peke yake na wanakili wake. Kazi ya miaka mitatu ikachukua tisa. Hilo si ajabu, na wala silioni kuwa aibu, maana kamusi yenye maneno zaidi ya 42,000 haiharakishwi. Tatizo lilikuwa kwamba miaka iliongezeka ilhali ujira haukuongezeka.

Tufanye hesabu ndogo. Pauni 1,575 kwa miaka mitatu ni pauni 525 kwa mwaka, pato la mtu mwenye nafasi yake. Pauni zile zile kwa miaka tisa ni 175 tu kwa mwaka. Katika hizo 175 alipaswa kuwalipa wasaidizi, kulipia nyumba, na kumtunza mkewe aliyekuwa mgonjwa. Ujira alilipwa kwa mafungu kadiri kazi ilivyoendelea, naye akautumia kadiri ulivyokuja, hata kamusi ilipokamilika hakukuwa na salio la kudai. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Johnson alikuwa na daftari la kila neno la Kiingereza, la fedha zake hakuwa nalo.

Tuwatazame wale wauza vitabu vilevile. Hao walikuwa matajiri, lakini hakuna aliyethubutu kuichukua kamusi peke yake. Waliungana nyumba kadhaa za biashara, kila mmoja akachangia sehemu, ili kamusi ikishindwa kuuzwa asiwepo wa kufilisika. Haki ya kuchapa ilikuwa yao, na faida ya matoleo yaliyofuata iliwaendea wao. Hatari ya mauzo waliigawana kwa busara. Hatari ya muda walimwachia mtunzi, naye akaikubali bila kuipima.

Kilichomnusuru ni vijikazi vya kando. Kuanzia Machi 1750 hadi Machi 1752 aliandika makala mawili kila wiki katika jarida la Rambler, kwa gini mbili kila makala. Yalitoka matoleo 208, karibu yote kwa mkono wake. Hizo gini nne za kila wiki ndizo zilizotia chakula mezani. Aidha, tamthilia aliyoianza wakati wa shule ya Edial, na ambayo ilikuwa imekataliwa, ilichezwa mwezi wa Februari 1749 katika jumba lililosimamiwa na Garrick, mwanafunzi wake wa zamani. Ilimpa karibu pauni 300 pamoja na haki ya kuchapa. Kwa hiyo shule iliyokufa ilimwachia rafiki na muswada, navyo vikamfaa miaka kumi na miwili baadaye. Lakini Bibi Elizabeth hakufaidi matunda ya mwisho. Alifariki Machi 1752, kamusi ikiwa haijakamilika.

Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755, mabuku mawili makubwa, kwa bei ya pauni 4 na shilingi 10. Oxford ilikuwa imemtunuku shahada ya heshima, na sifa zake zilienea Ulaya. Machi 1756, hata mwaka haujatimia, bingwa huyo alikamatwa kwa deni la pauni 5 na shilingi 18. Mwandishi wa riwaya Samuel Richardson ndiye aliyempelekea gini sita akaachiliwa.

Je, alijifunza? Si upesi. Mwaka huo huo alitangaza kwamba angehariri tamthilia zote za Shakespeare, akapokea fedha za wanunuzi kabla ya kazi, na kuahidi kumaliza mwishoni mwa mwaka wa 1757. Kazi ilitoka mwaka wa 1765. Fedha za watu zilikuwa zimekwisha zamani, na orodha ya majina yao ilikuwa imempotea. Mama yake alipofariki Januari 1759, ilimbidi aandike riwaya ya Rasselas, inasemekana kwa jioni za wiki moja tu, apate pauni 100 za kulipia mazishi na madeni madogo ya marehemu. Katika mwaka huo aliihama nyumba ya Gough, akaingia makao duni zaidi. Faraja ilikuja Julai 1762, serikali ya Mfalme George wa Tatu ilipompa pensheni ya pauni 300 kila mwaka. Toka siku hiyo hakuna aliyemkamata tena kwa deni.

Nasikia msomaji akiniuliza: kama angeogopa hatari, kamusi ingepatikana wapi? Swali ni la haki. Asiye na shahada hakupewa shule njema ya kufundisha, na bila kujiajiri Johnson angekufa mwalimu msaidizi asiyejulikana. Siwashauri vijana wetu wangoje ajira isiyokuja. Ninachosema ni kwamba fedha za mkupuo, ziwe kiinua mgongo, mkopo au malipo ya mkataba, hazipimwi kwa ukubwa wake. Hupimwa kwa miaka zitakayoibeba na kwa watu walio nyuma yake.

Tuseme mwalimu ana Sh900,000, naye anakadiria kwamba shule yake itajitegemea baada ya miaka mitatu. Hiyo ni miezi 36, na kila mwezi una Sh25,000 za kodi, mishahara na chakula cha nyumbani. Sasa azidishe muda mara mbili, kwa kuwa makadirio ya mwanzo huwa ya matumaini: kila mwezi umebaki na Sh12,500. Ikiwa kiasi hicho hakitoshi, na aanze na chumba kimoja badala ya jengo, au aendelee na vipindi vya kufundisha huku shule ikikua, kama Johnson alivyoendelea na makala yake. Na kabla ya kugusa akiba ya mwenzi wake, wakae pamoja, waandike ni kiasi gani wote wawili wako tayari kukipoteza, na kikifika hapo wafunge. Atiaye sahihi mkataba wa kazi ya mwaka mmoja naye aulize ni nani atakayelipia mwaka wa pili.

Johnson alifariki tarehe 13 Desemba 1784. Katika wasia wake alimkumbuka zaidi Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica na kuishi nyumbani mwake kwa miaka mingi. Pamoja na sehemu kubwa ya mali iliyobaki, alimwekea pauni 70 za kulipwa kila mwaka maisha yake yote. Wosia huo ulikuwa wa mzee aliyekwisha kuona tofauti kati ya fungu linaloliwa likaisha na riziki inayorudi kila mwaka.