Profesa Luigi Broglio, Mwitaliano aliyerusha setilaiti kutoka Pwani ya Kenya

Wakazi wa Mji wa Kale wa Mombasa huiona kila siku kazi ya mhandisi Mwitaliano. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati. Karibu karne nne baadaye, Mwitaliano mwingine aliuleta uhandisi wake Pwani, safari hii kaskazini mwa Malindi.

Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alisomea uhandisi mjini Roma, akapanda hadi cheo cha jenerali katika jeshi la anga, na akaongoza mafunzo ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma.

Utafiti wake ulihusu hewa ya juu kabisa, ambako ndege hazifiki. Hewa hiyo, japo ni nyembamba mno, huipunguzia setilaiti kasi na hatimaye kuiangusha. Ili kuipima, Broglio alibuni mizani ya pekee: gamba la nje la setilaiti lilishikizwa kwenye kiini chake kwa mikono inayonesa. Hewa ilipolisukuma gamba, vihisio viliugeuza msogeo huo kuwa ishara za umeme, nazo zikatumwa ardhini kwa redio.

Baada ya San Marco 1 kurushwa kutoka Marekani mwaka 1964, Broglio alihamia Ngomeni. Karibu na Ikweta, mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada, na mabaki yake huangukia Bahari ya Hindi. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 iliruka kutoka jukwaa la baharini. Desemba 12, 1970, ilifuata setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani, iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya.

Hadi mwaka 1988, setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa hapo. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Kenya.

Broglio aliaga dunia Januari 2001, na kituo cha Malindi kikapewa jina lake. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti ndogo kwa ushirikiano na chuo alichofundisha marehemu. Lakini Taifa-1, ya mwaka 2023, ilirushwa kutoka California. Bahari ya Ngomeni, iliyowafaa wageni kwa miaka 21, bado haijairushia Kenya setilaiti yake yenyewe.