Theodor Escherich

Theodor Escherich (Ansbach, Bavaria, 29 Novemba 1857 – Vienna, Austria, 15 Februari 1911) alikuwa daktari wa watoto kutoka Ujerumani. Anajulikana kwa kugundua bakteria anayeitwa leo Escherichia coli (E. coli), jina linalotajwa hata katika vipimo vya maji ya kunywa.

Maisha

Alikuwa mtoto wa daktari. Alihitimu masomo ya udaktari mwaka 1881 huko Würzburg. Mwaka 1884 alitumwa Napoli, Italia, kuchunguza mlipuko wa kipindupindu, ugonjwa ambao Robert Koch (yule aliyefanya utafiti baadaye huko Amani, milima ya Usambara) alikuwa ametoka kuuelezea chanzo chake. Alifundisha Graz kuanzia mwaka 1890, na mwaka 1902 akawa mkuu wa hospitali ya watoto ya Mtakatifu Anna, Vienna.

Utafiti

Zama hizo kuhara kuliua watoto wachanga wengi Ulaya. Escherich aliona kwamba haiwezekani kumtambua adui bila kwanza kujua wanaoishi tumboni mwa mtoto mwenye afya. Akiwa München alipima choo cha kwanza cha watoto, kile cheusi kama lami, akakuta hakina bakteria. Lakini ndani ya siku moja hivi walikuwa wameingia kutoka nje. Matokeo aliyatoa mwaka 1885, na kitabu kikafuata mwaka 1886.

Bakteria wake alimwona kwa kawaida hana madhara utumboni, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila karne ya 20 ilionyesha kuwa baadhi ya aina zake hutoa sumu. Sumu mojawapo hunasa kwenye vipokezi vya seli za utumbo mdogo, nazo seli zikaanza kumwaga maji na chumvi badala ya kufyonza. Mtoto mchanga ana vipokezi hivyo vingi kuliko mtu mzima, na hupungua kadiri anavyokua. Tena asidi ya tumbo lake ni dhaifu, na kingamwili za kulinda utumbo hupata hasa katika maziwa ya mama. Mtoto wa kilo 3 akipoteza gramu 300 za maji, amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na hiyo ni hatari ya kifo.

Escherich hakujua habari za vipokezi, lakini alisisitiza watoto wanyonyeshwe. Mwaka 1903 alianzisha Vienna chama cha kulinda watoto wachanga.

Jina

Yeye alimwita bakteria huyo Bacterium coli commune. Jina Escherichia lilitolewa mwaka 1919, miaka minane baada ya kifo chake, na Aldo Castellani pamoja na Albert Chalmers. Castellani aliwahi kufanya kazi Entebbe, Uganda, akichunguza ugonjwa wa malale.