John Akii-Bua: Polisi wa Kampala aliyevunja rekodi ya dunia, kisha akavuka mpaka kama mkimbizi

KAMPALA. Wafanyabiashara wanaopanda Nakasero kwa shughuli za ofisi na benki huitaja Barabara ya Akii Bua mara nyingi wanapomwelekeza dereva wa bodaboda. Wanaopeleka bidhaa Lira, kaskazini mwa Uganda, wanaufahamu Uwanja wa Akii-Bua. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwenye jina hilo alikuwa askari polisi, bingwa wa Olimpiki na mshikilizi wa rekodi ya dunia, na kwamba mwaka 1979 aliingia Kenya akikimbia vita, akawekwa katika kambi ya wakimbizi.

John Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, Abako katika eneo la Lango. Baba yake alikuwa chifu wa kaunti, mwenye wake wanane na watoto 43. Nyumba ilikuwa na heshima, lakini mali ya kugawana watu wengi kiasi hicho haikumtosha mtu. Kijana Akii-Bua alichunga ng'ombe kama watoto wenzake wa Lango. Baba yake alipofariki, masomo yake yalikatika angali kijana, akawa anasaidia kazi katika baa ya kaka yake. Kama vijana wengi wa kaskazini wa wakati ule, aliona njia ya mshahara wa uhakika ni kuvaa sare, akaja Kampala kujiunga na Jeshi la Polisi.

Polisi ya Uganda ilimpa mambo mawili. La kwanza ni lugha. Katika kambi za polisi na jeshi, vijana wa Lango, Acholi, Ankole, Buganda na West Nile walielewana kwa Kiswahili. La pili ni michezo. Polisi walikuwa na timu, makocha, viwanja na muda wa mazoezi, vitu ambavyo mtoto wa kijijini asingevipata kwingine. Mmoja wa maofisa wake, Jerom Ochana, alikuwa mwenyewe mkimbiaji mashuhuri wa kuruka viunzi barani Afrika. Ochana ndiye aliyemwingiza kijana huyo katika mchezo ule.

Mwanzoni Akii-Bua alikimbia mita 110 kuruka viunzi. Alikuwa na mwili mzuri na miguu mirefu, lakini kasi yake haikutosha kumpeleka katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Wakati huo ndipo kocha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, alipokuja Uganda kufundisha timu ya taifa. Arnold alimtazama, akamshauri aache mbio fupi na ahamie mita 400 kuruka viunzi.

Mbio hizo zina sifa ya kuwa ngumu kuliko karibu zote za uwanjani. Mkimbiaji anazunguka uwanja mzima mara moja kwa kasi ya karibu na ya mwisho, na njiani anaruka viunzi 10 vya urefu wa sentimita 91. Toka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, na baina ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Akipoteza hesabu ya hatua zake atafika kwenye kiunzi akiwa karibu mno au mbali mno, na huko kasi yote hupotea. Mguu ukichoka, hatua hufupika, hesabu ikaharibika.

Akii-Bua alikuwa na kipaji ambacho wapinzani wake wengi hawakuwa nacho: aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wa kushoto au wa kulia bila kusita. Hatua zikibadilika njiani, yeye alibadilisha mguu na kuendelea. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Marekani na Afrika yaliyofanyika Durham, North Carolina, alikimbia sekunde 49.0. Hakuna aliyekimbia mbio hizo kwa kasi zaidi ya hiyo duniani mwaka ule.

Maandalizi ya Munich

Hata hivyo, wataalamu wa Ulaya na Marekani hawakumpa nafasi kubwa. Alikuwa ameshiriki mashindano machache ya kimataifa, na Uganda haikuwa na historia ya dhahabu. Katika Olimpiki ya 1968 mabondia Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo walirudi na medali ya fedha na ya shaba, na hizo ndizo zilizokuwa medali za kwanza za nchi.

Arnold na mwanafunzi wake walijibu kwa mazoezi. Akii-Bua alikimbia milima. Alivaa fulana yenye vyuma vya uzito, akaruka viunzi vya sentimita 106, virefu kuliko vile ambavyo angekutana navyo katika mashindano, kwa umbali mrefu kuliko mita 400. Hesabu ilikuwa rahisi: akizoea mzigo mazoezini, siku ya mashindano, bila fulana na mbele ya viunzi vifupi, mwili utahisi umetuliwa mzigo.

Nyumbani, wakati huo, mambo yalikuwa mabaya. Idi Amin alikuwa amempindua Milton Obote Januari 25, 1971. Obote alikuwa Mlango, na baada ya mapinduzi askari wengi wa Lango na Acholi waliuawa katika kambi za jeshi. Akii-Bua naye alikuwa Mlango mwenye sare ya serikali. Kisha Agosti 1972, wiki chache kabla ya Olimpiki, Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 kuondoka. Maduka ya Kampala, Jinja na Mbale yalikuwa yanafungwa wakati timu ya Uganda ikiwa Ujerumani Magharibi.

Sekunde 47.82

Fainali ilikuwa Septemba 2, 1972. Kura ilimpa Akii-Bua njia namba 1, ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji wa viunzi huichukia kwa sababu kona zake ni kali na humlazimisha mtu kupunguza hatua. Upande wa nje walikuwa David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Mmarekani Ralph Mann.

Hemery alianza kwa kasi kubwa na kuongoza nusu ya kwanza. Akii-Bua hakumkimbilia. Alishika hesabu yake katika kona ya kwanza, akaongeza mwendo upande wa pili wa uwanja, na walipotoka kona ya mwisho alikuwa tayari anampita Mwingereza. Katika mita za mwisho, ambapo wengine hutembea kwa mateso, yeye alikuwa bado anakimbia.

Saa ilionyesha sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla ya siku hiyo. Rekodi ya Hemery ilikuwa imewekwa Mexico, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi. Rekodi ya Akii-Bua iliwekwa katika mji wa chini zaidi, tena kwenye njia mbaya kuliko zote. Mann alipata fedha kwa 48.51, Hemery shaba kwa 48.52.

Badala ya kuanguka chini kama wenzake, bingwa aliendelea kuzunguka uwanja, akipunga mkono na kurukaruka kana kwamba viunzi vipo bado. Mamia ya mamilioni waliokuwa wakitazama televisheni waliona sura nyingine ya Uganda mwaka ule. Siku tatu baadaye Olimpiki hiyo iligubikwa na msiba wa kutekwa na kuuawa kwa wanamichezo wa Israel, na dunia ikawa na habari nyingine ya kuzungumza.

Kwa Afrika Mashariki mashindano hayo yalikuwa ya baraka. Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Wakenya wakachukua dhahabu ya mbio za kupokezana za mita 400 mara nne. Lakini kwa Uganda dhahabu ilikuwa moja, na mwenye nayo alikuwa mmoja.

Sifa na hofu

Aliporudi Kampala, Amin alimpokea kama shujaa. Alipandishwa cheo katika polisi, akapewa nyumba, na barabara ikapewa jina lake. Serikali iliyokuwa inatengwa na dunia ilimhitaji mtu wa kuonyeshwa. Januari 1973 alithibitisha kuwa Munich haikuwa bahati: katika Michezo ya Afrika huko Lagos alishinda tena, kwa sekunde 48.54.

Lakini sifa hizo hazikubadili kabila lake wala hali ya nchi. Watu wa Lango waliendelea kushukiwa. Baada ya kufukuzwa kwa Waasia, bidhaa zilipungua madukani, na magendo yakawa ndiyo biashara yenyewe. Kwa mwanamichezo, hali hiyo ilimaanisha safari chache za nje, vifaa vichache na makocha wachache. Arnold alikuwa amekwisha kurudi Uingereza. Bingwa wa dunia alibaki akifanya mazoezi katika nchi ambayo hata sukari ilikuwa ya kutafutwa.

Tumaini lake lilikuwa Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ambako Mmarekani kijana, Edwin Moses, alikuwa anasubiri. Dunia ya riadha ilitaka kuwaona pamoja. Haikuwa. Nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zilijiondoa kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ingawa timu yake ya raga ilikuwa inacheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Moses alishinda dhahabu na kuivunja rekodi ya Akii-Bua siku hiyo hiyo. Sababu ya kususia ilikuwa ya haki, na gharama yake ililipwa na wanamichezo waliokuwa katika ubora wao. Tanzania nayo ilisusia, na Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, alikosa nafasi kama hiyo.

Kuvuka mpaka

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwishoni mwa 1978 vita vikaanza kati ya Uganda na Tanzania, na Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni yaliiteka Kampala. Katika wiki za mwisho za utawala wa Amin, kila mtu aliyekuwa na uwezo alitafuta njia ya kutoka. Kwa Akii-Bua hatari ilikuwa mara mbili: kwa watu wa Amin alikuwa Mlango, na kwa maadui wa Amin alikuwa ofisa wa polisi aliyepandishwa cheo na dikteta.

Aliichukua familia yake na kuvuka kuingia Kenya. Nyumba, kazi na karibu kila alichokuwa nacho vilibaki nyuma. Upande wa pili wa mpaka hakuwa bingwa wa Olimpiki wala ofisa. Alikuwa Mganda mmoja kati ya maelfu, akawekwa katika kambi ya wakimbizi pamoja na wengine.

Kilichomtoa kambini ni jina. Habari zilipoenea kuwa bingwa wa Munich yuko kambini, kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa amevivaa, ilimsaidia yeye na familia yake kwenda Ujerumani Magharibi na kumpa kazi huko Herzogenaurach, makao makuu ya kampuni hiyo. Maelfu waliovuka naye hawakuwa na jina la namna hiyo.

Mwaka 1980 alivaa tena sare ya Uganda, katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 30 na alikuwa ametoka kwenye ukimbizi. Alifika nusu fainali, akaishia hapo. Medali ya Uganda mwaka ule ilikuwa ya fedha, ya bondia John Mugabi.

Kurudi nyumbani

Angeweza kubaki Ulaya. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 alirudi Uganda, nchi ambayo ilikuwa bado haijatulia, akarejea katika Jeshi la Polisi na kufundisha vijana riadha. Aliishi maisha ya kawaida ya ofisa wa serikali mwenye mshahara mdogo na watoto wengi. Mke wake alitangulia kufariki.

John Akii-Bua alifariki Juni 20, 1997, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa na umri wa miaka 47. Aliacha watoto 11. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa.

Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki. Ilikuja Agosti 12, 2012, London, pale Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni. Baada yake wakaja Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai, wote kutoka milima ya Sebei karibu na mpaka wa Kenya. Kiprotich na wenzake walipata kile ambacho Akii-Bua alikikosa katika miaka yake bora: nafasi ya kupita mpakani kwenda kambi ya mazoezi nchi jirani au mashindano Ulaya, na kurudi nyumbani bila hofu.

Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 30, 1999, miaka miwili baada ya kifo chake. Mpaka ule ule alioupita akiwa mkimbizi leo unapitwa na malori ya mahindi, saruji na vitambaa, na wafanyabiashara wenye vitambulisho mkononi. Wakifika Kampala, baadhi yao huteremka Nakasero, katika barabara yenye jina lake.